Safu Niliyomtengea Dada Yangu

Niliporudi kutoka Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na diploma ya kuchora kazi za uhandisi kwa kompyuta. Simjui mtu mwingine kati ya Kitale na Bungoma aliyekuwa nayo wakati ule. Nasema hivyo bila haya. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliosha masufuria ya hoteli miaka minne, mikono ikababuka kwa sabuni, huku nikisoma katika mji ambao mvua yake haina msimu. Karatasi ile ina jina langu peke yangu. Hata leo, nikiandika habari ambayo ingenifaa kuisema kwa sauti ya chini, siwezi kuanza bila kuitaja, kwa sababu habari yenyewe ilianzia kwenye karatasi hiyo.

Mradi wa maji ndio ulioniajiri. Maji yalikuwa yateremshwe kutoka Mlima Elgon hadi upande wa Bungoma kwa bomba kubwa litakalofukiwa ardhini. Ofisi ya michoro ilikuwa Kitale, katika nyumba ya zamani ya mlowezi, yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ulipopita. Ofisi ya uchimbaji ilikuwa Bungoma. Sisi tulichora, wao walichimba, na kilichotuunganisha ni disketi iliyosafiri kila Ijumaa ndani ya bahasha ya kahawia, kwenye lori la mradi.

Chumbani mwangu kulikuwa na kompyuta na mzee mmoja. Mzee alikuwa mchora ramani wa tangu kabla ya Uhuru, mtu wa wino na karatasi angavu ya kunakilia, na aliniita Diploma badala ya jina langu.

"Diploma, leo mashine yako imeamka vizuri?"

"Imeamka, mzee."

"Yangu pia imeamka," alizoea kusema, akiinua kalamu yake kwenye mwanga wa dirisha.

Nilicheka, lakini moyoni nilimhurumia. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na wakati wake ulikuwa umekwisha.

Kazi yangu nitaieleza kidogo, kwa maana bila kuieleza mtu hatanielewa. Mstari wa bomba ndani ya kompyuta unajijua wenyewe tu: urefu wake, unene wake, unakoinama. Ukiuuliza unapita shambani kwa nani, unanyamaza. Ukiuuliza kama mbele yake kuna kisima, unanyamaza. Mimi ndiye niliyeufundisha kusema. Chini ya kila kipande cha bomba nilifungua jedwali ambalo halionekani kwenye mchoro, nikalitengenezea safu nilizozibuni mwenyewe: mwenye shamba, aina ya udongo, kivuko, na ya nne, kizuizi. Kizuizi kilikuwa na namba. Moja ni kisiki, mbili kichuguu, tatu choo, nne kaburi la simiti, tano kisima. Savea, mpima ardhi wetu, alirudi kutoka mashambani na daftari lililojaa matope, nami nikaingiza yote, kipande kwa kipande.

Kisha mchoro huo ulipaswa kuhamia kwenye programu nyingine, ya ramani, ambayo ndiyo watu wa Bungoma waliyokuwa nayo. Programu hizi mbili hazikujuana. Kwa hiyo niliandika orodha fupi ya kusimama kati yao: habari hii iende kwenye safu ile, na hii iende pale. Niliiandika wiki yangu ya kwanza, alasiri moja, injinia mkuu akiwa amesimama nyuma yangu. Yeye alikuwa na digrii, na hakuwahi kumwacha mtu asahau. Siku hiyo alitazama hadi mwisho, akaondoka bila neno. Ukimya wake ulinishibisha kuliko chakula cha mchana.

Bungoma walitoa karatasi kutoka kwenye ramani hiyo, moja kwa kila kipande cha mtaro, wakampa nyapara wa vibarua. Chini ya karatasi kuliandikwa: hapa kuna choo, hapa kaburi, pinda. Nyapara alipinda mtaro mita tatu, akampita marehemu au choo cha mtu, kisha akarudi kwenye mstari. Kazi ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri.

Asubuhi moja nilikiona kipande cha nyumbani kwetu. Nilikuwa Kitale, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa injinia mkuu ulikuwa ukikata shamba letu karibu na Kibabii, mahali ilipokuwa nyumba ya kwanza ya mama. Jumamosi nikaenda.

Nilimkuta mama akipukuchua mahindi uani, miguu ameinyoosha, gunia mapajani. Nilimwambia bomba litapita nyuma. Aliuliza nyuma wapi. Nikamwonyesha kwa mkono. Akaweka gunzi chini, akajifunga leso, akaenda hadi kwenye mti wa lusiola ulio mpakani. Akaugeuzia mgongo, akahesabu hatua kumi na nne kwa sauti, akasimama katikati ya maharagwe.

Nilijua alichosimama juu yake.

Dada yangu alikufa kabla ya kuota jino. Mimi nilikuwa mvulana wa miaka saba, na ninachokumbuka ni blanketi lenye mistari, na baba akichimba na jembe lile lile la shambani, haraka, kabla jua halijapanda. Kwetu mtoto mdogo kiasi hicho hakujengewa tuta la kudumu. Hakuna msalaba, hakuna ibada ndefu. Alizikwa nyuma ya jiko la mama yake na mvua ikasawazisha udongo. Baadaye nyumba ya nyasi ikaanguka, tukajenga ya mabati karibu na barabara, baba naye akafa, na mahali pale pakawa shamba kama shamba lolote. Siku ile tu, nikimwona amesimama pale, ndipo nilipogundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote: sehemu hiyo mama alipanda maharagwe tu. Hakuwahi kupanda mihogo wala viazi. Maharagwe huchumwa. Mihogo huchimbuliwa.

"Hapa," akasema. "Andika hapa kwa hiyo kombiuta yako."

"Nitaandika, mayi."

"Ukiandika hawatachimba?"

"Hawatachimba. Mtaro utapinda."

"Ati utapinda tu kwa sababu wewe umeandika?"

"Hiyo ndiyo kazi nilisomea."

Akacheka, mkono mdomoni. "Wazungu walikufunza mambo, papa." Mama zetu huita mwana wa kiume hivyo, kama baba, na mimi nimepewa jina la baba yake. Kisha akaacha kucheka. "Mimi sina kitu ingine yake. Hata ile blanketi aliondoka nayo. Ni hapa tu."

"Najua, mayi. Niachie mimi."

Wiki iliyofuata nilirudi na darubini ya kupimia ya ofisi, nikapima kutoka kwenye mti na kutoka kwenye kigingi cha savea. Nilipata mahali pale kwa kipimo ambacho kosa lake halifiki upana wa kiganja. Hatua za mama zilikuwa zimekosea kwa kiasi kidogo sana hata niliona fahari kwa niaba yake.

Nikakaa mbele ya kompyuta Kitale kuingiza. Njia ya kawaida ilikuwa wazi: safu ya kizuizi, namba nne, basi. Niliitazama safu hiyo juu na chini. Tatu, choo cha jirani yetu. Mbili, kichuguu. Moja, kisiki. Tatu tena. Na katikati yao, dada yangu, namba.

Sikuweza. Nadhani mtu asiye na ujuzi angeweza, kwa sababu hangekuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa nalo. Nikafungua safu ya tano, yake peke yake, nikaiita MAREHEMU kwa herufi kubwa. Ndani yake niliandika jina lake, lile alilopewa la nyanya yetu, na baada ya jina: pinda mita tatu. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Hakubatizwa. Kwa ninavyojua, ile ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa popote. Niliketi nikilitazama, nikafuta macho, nikajiona mtoto mwema.

Mzee alikuwa amenisogelea na kikombe chake cha chai.

"Huyo nani?"

Nikamwambia.

"Na Bungoma wataona?"

"Wataona kila kitu, mzee."

"Si uwaandikie barua pia? Karatasi moja tu, bana. Ama uweke kigingi chekundu."

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Haya, Diploma," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Sasa nitasema kosa langu. Ile orodha ya wiki ya kwanza ilizijua safu nne. Ya tano hakuna aliyeiambia. Ilitakiwa niifungue niongeze mstari mmoja, na nilisahau, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa jinsi nilivyomfanyia dada yangu jambo kubwa. Programu ya ramani haikatai wala haipigi kelele. Inachukua ilichoambiwa ichukue, inaacha kilichobaki, kisha inaandika chini ya kioo kwamba kazi imekamilika. Niliyasoma maneno hayo. Nikatia disketi kwenye bahasha.

Miezi miwili ikapita. Nilikuwa Ndalu na savea, tukipima tawi jingine la bomba, lori la mradi lilipofika na dereva akashuka akivuta suruali juu.

"Wewe ndiye wa Kibabii? Mama yako ameingia ndani ya mtaro. Tangu jana ameketi huko, anarudi nyumbani kulala tu. Hataki vibarua wakaribie."

Nilipanda lori.

Nilikuta mtaro umenyooka. Uliingia shambani kutoka upande wa jirani, ukapita katikati ya maharagwe bila kupinda hata shubiri moja, ukatokea ng'ambo. Vibarua walichimba kipande kile asubuhi moja, mama akiwa kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Aliporudi walikuwa wamekwisha kupita. Sasa alikuwa ameketi ndani, kina cha kifua cha mtu, leso kichwani, akichukua udongo kutoka kwenye lundo, akiupepeta kwa vidole, akiuweka kando. Kiganja kwa kiganja. Hakuna alichopata. Mtoto mdogo kiasi kile, karibu miaka thelathini katika udongo mwekundu ule, haachi hata uzi.

Nyapara alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu mzima, mzee wa kanisa letu, ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Aliponiona alinijia upesi, karatasi imekunjwa mfukoni.

"Kijana wangu, angalia wewe mwenyewe. Hapa hakuna kitu imeandikwa. Ningejua, si ningepinda? Mimi mtu wa hapa hapa, naweza kufanya kitu kama hii?"

Akanipa karatasi, nikaifungua. Choo cha jirani kilikuwapo. Kichuguu kilikuwapo. Visiki vyote vilikuwapo. Kabla sijafika mwisho nilikuwa nimejua: safu ya tano haikufika.

Mama alikuwa ameinua uso.

"Uliandika?"

"Niliandika, mayi."

Akamgeukia nyapara. "Aliandika. Na wewe ukasoma, ukapita."

"Mama, si karatasi ndiyo hii..."

"Mimi sijui kusoma karatasi yako. Mtoto wangu ndiye anajua."

Nyapara akanitazama. Alingoja. Vibarua nao waliegemea majembe wakangoja. Ilikuwa sentensi moja tu, na mimi, niliyekuwa na maneno kwa kila mtu Kitale, sikuipata. Nilisema, "Tuache kwanza. Mama apumzike." Nikaruka ndani ya mtaro, nikamshika mkono, tukapanda. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo, na hakutaka kuziosha siku ile.

Jumatatu nilifungua mchoro Kitale. Dada yangu alikuwapo, jina lake lote. Nikafungua ramani. Safu haikuwapo kabisa, kama vile sikuwahi kuibuni. Niliongeza mstari mmoja kwenye orodha, kazi isiyomaliza dakika moja, nikahamisha upya, nikatoa karatasi. Ikatoka nzuri: kaburi mahali pake, jina, pinda mita tatu. Niliikunja nikaiweka kwenye droo. Wakati huo bomba lilikuwa likiteremshwa kwenye mtaro.

Injinia mkuu alisikia habari. "Ni kweli nyapara hakusoma karatasi?"

"Sijui, bwana," nikasema.

Hilo "sijui" ndilo lililomwondoa yule mzee wa kanisa kwenye unyapara. Walimpeleka Webuye kulinda stoo ya mabomba, mbali na nyumbani, akawa anarudi kwake mwisho wa wiki tu. Mchora ramani wetu aliniuliza mara moja tu, bila kuinua macho kutoka kwenye wino wake.

"Diploma, ni mashine ilisahau, ama ni wewe?"

"Mashine haisahau, mzee."

"Haya."

Hakuniita Diploma tena. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu, hadi alipostaafu, na niliichukia adabu hiyo.

Kanisani kwetu watu hupeana mikono baada ya ibada, wamejipanga nje mlangoni, na kila anayetoka hujiunga mwisho wa mstari hadi wote wamesalimiana. Mama alikuwa akimfikia nyapara, anaficha mkono ndani ya leso, anampita, anamshika mtu anayefuata. Kila Jumapili, miaka miwili. Yule mzee alinyoosha mkono wake kila mara vivyo hivyo. Nami nilikuwa nyuma ya mama kwenye mstari, nikamshika mkono huo baada yake, na mzee alinishika kwa nguvu, akasema, "Sasa, kijana wangu." Hakuniuliza kitu. Ningependa kuandika kwamba nilishindwa kulala. Nililala. Nilipandishwa cheo, nikafundisha vijana wawili wa ofisi kazi yangu, na kitu cha kwanza nilichowafundisha ni ile orodha.

Kilichonifanya niseme ni miguu ya mama. Ilianza kuvimba, daktari wa Bungoma akasema ni moyo, na Jumapili moja nikamwona ameshikilia ukuta wa kanisa kwa mkono mmoja, ule mwingine bado ameuficha ndani ya leso ili asimguse yule mzee. Alasiri ile nilimwambia, uani, akiwa ameketi kwenye kiti chenye mto. Nilijaribu kumweleza orodha, safu na disketi, na niliona macho yake yakinifuata kwa bidii kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Ngoja," akasema. "Uliandika, ama hukuandika?"

"Niliandika mahali peke yake, mayi. Mahali huko hakuna mtu aliona."

"Kwa nini hukuandika pamoja na hizo zingine?"

"Zingine zilikuwa vyoo. Na visiki. Sikutaka awe pamoja na vyoo."

Kuku waliingia jikoni na hakuna aliyewafukuza.

"Ungemweka tu na vyoo, papa," akasema. "Angekuwa hapo mpaka sasa."

Akasogeza miguu yake iliyovimba, akaendelea.

"Na huyu mzee wa watu? Miaka miwili yote?"

"Nilinyamaza."

Akainuka. Nikamwambia apumzike, nitaenda mimi. Akaniambia niketi. Alijifunga leso, akachukua fimbo, akaenda kwa nyapara kwa miguu ile iliyovimba, nyumba ya tatu kutoka yetu, akisimama mara mbili njiani. Alirudi jua likizama. Nilimuuliza walizungumza nini. "Amenipa chai," akasema, na zaidi ya hapo hakusema kitu. Mimi nilienda kwa injinia mkuu kesho yake. Alinisikiliza, akasema habari hiyo ni ya zamani na mradi unakaribia kufungwa. Nyapara hakurudishiwa kazi yake.

Mama hakunikasirikia. Alinipikia, aliniombea, alinitania kuhusu kitambi. Lakini hakuniambia tena niandike kitu chochote, wala hakuniuliza tena habari za kazi yangu, yeye ambaye zamani aliwaambia wageni wote kwamba mtoto wake anafundisha mistari kusema.

Alikufa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Asubuhi ya kuchimba kaburi, wanaume wa ukoo walikuwa wamesimama uani wakibishana, wengine wakisema upande wa baba, wengine karibu na nyumba mpya. Wakanigeukia mimi, mwana wa kwanza, mwenye elimu. Sikujua. Sikuwahi kumuuliza. Nyapara akatokea barabarani na kamba na vigingi vinne mkononi, akatupita, akaingia shambani, akasimama upande wa juu wa bomba, hatua chache tu kutoka mahali alipozikwa dada yangu.

"Ni hapa," akasema.

"Nani amesema?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe. Ile siku alikuja kwangu. Alisema mimi nikae na hiyo maneno mpaka siku yake ifike."

"Mbona hakuniambia?"

Mzee aliinama akagonga kigingi cha kwanza kwa jiwe, akaikaza kamba.

"Sasa mimi nitajuaje, kijana wangu? Shika huko mwisho. Ivute inyooke."

Nikashika, nikavuta.